Plake ya Gazi pa Kalundu

Jumatatu, 20 Aprili 1964

Makaa hakuna. Asubuhi nimezunguka soko lote la Uvira: gunia moja tu, nusu yake vumbi, na mwenye nalo anataja bei bila hata kukutazama usoni. Makaa yetu hutoka milimani. Tangu mapigano yaanze uwandani, anayeshuka mlima habebi gunia. Anabeba mtoto.

Nimepeleka habari Bukavu kwa telegrafu, maneno machache, yaliyothibitishwa tu. Barabara ya Kamanyola inapitwa na misafara ya jeshi peke yake. Gazeti litatoka na habari za juzi. Sawa.

Félicité, mdogo wangu, ana banda la samaki pa Kalundu, nje ya lango la bandari. Madereva, wapakizi, makarani — wote wanakula kwake. Leo amepikia mbao za masanduku, na mbao zilikuwa na rangi. Dereva mmoja alinusa, akarudisha sahani: "Mama Félicité, huyu samaki alipita garaji mbele ya kufika huku?" Banda zima likacheka. Félicité pia. Kisha akazima moto.

Najua alichokuwa akifikiri. Mumewe alizama ziwani mwaka juzi. Ildephonse, mdogo wa marehemu, mkulima wa Lubarika, anamngoja: kwa desturi yao mjane anarudi katika nyumba ya marehemu, na kwa sasa nyumba hiyo ni Ildephonse, ambaye ana mke tayari. Mpaka leo Félicité amekuwa akimjibu neno moja: nina kazi. Banda likifungwa, hana neno lingine.

Jioni ameniuliza mimi kaka yake: "Yaya, bazungu balikuwa banapikia gazi, inje ya nyumba, siku ya mungu. Ile mitambo iko wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia wiki hii. Kesho naanza kuulizia.


Alhamisi, 23 Aprili

Nimeiona moja. Iko kwenye villa ya mzungu mmoja wa pamba, aliyeondoka mwaka wa uhuru, akarudi, akaondoka tena. Gaspard, aliyekuwa mpishi wake, ndiye anayeilinda nyumba. Anasema vyombo vyote aliachiwa badala ya mshahara wa mwisho. Majirani wawili wamethibitisha.

Plake yenyewe: bamba la chuma, unene wa kidole changu cha kati. Chini yake midomo mitatu ya moto, kila mmoja na kifungo chake. Miguu minne, miwili ina magurudumu. Ubao wa kuwekea sahani pembeni. Chuma kimesimama nyuma na pande mbili kuzuia upepo. Mpira wa gazi haujapasuka. Nimeupinda, nimeupuliza.

Gaspard akanieleza: "Musyo alikuwa anageuza nyama yeye mwenyewe, na kaputula. Minye kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi na kusema iko bien cuit, imeiva muzuri."

Akawasha kushoto, akawasha kulia. Nikamwomba awashe wa katikati.

— Ya katikati haina kazi sana, Bwana Norbert.

— Basi na bei isifanye kazi sana.

Akautikisa, akaupiga kofi. Wapi! Kutu. Alikuwa ametaja elfu kumi na mbili. Sikusema kitu. Kunyamaza ni rahisi na kunafaa kuliko maneno. Tulipofika getini ilikuwa imeshuka hadi kumi, na bado alikuwa anatembea nyuma yangu.

Nimemwomba aniazime detanderi, kile kichwa cha shaba kinachofungwa juu ya chupa ili kutuliza gazi. Amenipa. Nina sababu.


Ijumaa, 24 Aprili

Mulongwe, kwa Hatungimana, fundi wa kuchomelea. Yeye anakata kifuniko cha pipa, anakiwekea miguu, anaweka moto mdogo wa gazi chini. Elfu nne na kila kitu. Nimenyunyizia maji: katikati matone yaliruka mara moja, pembeni yalikaa kitako kama wageni. Samaki wa katikati ataungua, wa pembeni atabaki mbichi.

Nilimwambia. Hakukasirika. "Weye unatafuta chuma ya treni. Minye nauza chuma ya pipa." Kisha akaongeza kwamba mtu akinunua ya treni mahali pengine, siku ikivunjika ataileta huku huku.

Namwamini mtu anayesema hivyo kabla ya kulipwa.


Jumamosi, 25 Aprili

Usumbura — Bujumbura, tuseme sasa. Nimeenda na lori la chumvi, nimerudi kwa baiskeli ya kukodi.

Dukani kuna plake mpya. Nzuri kutazama: nyekundu, midomo miwili, nyepesi, mwanamke anaibeba peke yake. Muuzaji aliipapasa kama ng'ombe. Faranga elfu tatu za kwao. Kwa bei ya wabadilisha pesa wa Kavimvira ni zaidi ya elfu kumi na mbili zetu. Nikaomba aiwashe uani. Upepo wa ziwa ukaja, moto ukalala, ukazima. Akawasha tena. Ukazima tena.

— Ndani ya nyumba haizimi, bwana.

Chombo cha kupikia nje kisichozima ndani!

Lakini sikwenda kwa ajili ya plake. Nilikwenda kwa ajili ya chupa. Plake bila chupa ya gazi ni meza, na pande zote hizi chupa zinajazwa mahali pamoja tu, dukani hapo. Nilitoa detanderi ya Gaspard mfukoni, nikaijaribu juu ya chupa yao. Imeingia, imefunga, haitoi harufu. Kwangu mimi swali limekwisha: ya Gaspard.

Kurudi, kwenye daraja la Kavimvira, askari aliikuta mfukoni. Akanirudisha nyuma hatua kadhaa.

— Nini hii?

— Kichwa ya chupa.

— Chupa ya nini?

— Ya kupikia samaki.

Aliigeuza mara nyingi. Akanirudishia, akauliza samaki watakuwa tayari lini.


Jumapili, 26 Aprili

Ildephonse alikuja baada ya ibada. Shati jeupe, viatu mkononi mpaka mlangoni. Mtu wa heshima, na anasema polepole. Amesikia habari za plake — nani hajasikia? Amekuja kufurahi pamoja nasi, ndivyo alivyosema. Kisha akaeleza, bila ukali wowote, kwamba kitu anachonunua mjane ni kitu cha nyumba ya marehemu, kwa sababu ng'ombe wanne wa mahari waliokwenda kwa baba yetu hawajarudi. Akikaa Kalundu, plake ikae Kalundu. Akija Lubarika, ije naye.

"Shemeji," Félicité alimwambia, "unataka nipikie nani samaki kule Lubarika? Mihogo?"

Mke wa Ildephonse, aliyekaa mkekani, alicheka kabla hajajizuia.

Walipoondoka nikapendekeza njia iliyo rahisi: nilipe mimi. Ikiwa pesa ni zangu, plake ni yangu, na nyumba ya marehemu haina neno. Nilidhani Félicité atashukuru.

— Hapana, yaya. Nitoke mukononi ya Ildephonse niingie mukononi yako?

— Mkono wangu haukuombi chochote.

— Leo. Kesho utaoa. Mke wako ataniomba plake siku ya batiza, na siku ya harusi, na siku bantu banaikala tu. Minye nalipa. Yote.

Nilimuuliza pesa zinatoka wapi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua turubai: magunia ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, mpaka dirishani. Aliwanunua siku za giza, ziwa lilipokuwa limejaa taa za wavuvi na ndagala hawana bei. Sasa mwezi unang'aa, samaki hawafuati taa, mitumbwi imelala ufukoni, na ndagala mkavu ni dhahabu. Ataanza kuuza kesho. Nimekaa Uvira miaka yote hii, nimeandika bei za ndagala mara nyingi sana. Sikujua kwamba mmoja wa wanaozipandisha ni mdogo wangu.

Bei ya plake naijua. Bei ya ng'ombe wanne, wakati huu ambapo wafugaji wa juu hawashuki na wa chini hawapandi, hakuna anayeijua.


Jumanne, 28 Aprili

Jaribio. Nilikataa anunue kabla ya kuona. Tuliisukuma mpaka Kalundu, Gaspard akiongoza kama msafara wa gavana. Félicité alikaa mbele yake nusu ya siku. Ndizi — vizuri. Chapati — vizuri, rangi moja kila upande. Samaki mbichi hakuna kwa ajili ya mwezi, kwa hiyo alichoma migebuka wakavu waliobaki, akawapaka mawese kidogo. Upepo wa alasiri ulikuja na nguvu zake zote. Moto haukutikisika.

Midomo miwili inatosha. Wa katikati Hatungimana atautazama.

Félicité akashusha bei mwenyewe. Nilikaa kando nikinyamaza. Mara hii si mbinu, sikupewa nafasi. Elfu nane na mia tano, pamoja na chupa mbili, moja imejaa. Gaspard alisema anaibiwa. Félicité akamwambia aibiwe akiwa ameshiba, akampa chapati.

Amelipa mbele ya madereva, noti kwa noti. Nami nimeona.


Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Bandari wazi nusu, hotuba hakuna. Hatungimana ameuzibua mdomo wa katikati kwa njiti ya gurudumu la baiskeli. Yote mitatu inawaka. Félicité ameifunika plake kwa kitenge kipya. Mwenyewe amevaa cha zamani.


Jumatano, 6 Mei

Giza limerudi, mitumbwi imetoka, na leo samaki wa kwanza, mikeke, wamefika, wanono, wanateleza mkononi. Banda lilijaa. Félicité alitandaza bamba zima.

Kisha moto! Mafuta ya mikeke yalitoka yenyewe, yakakimbia mpaka ukingoni, yakamwagikia kwenye midomo ya moto chini. Ndimi za moto zilipanda mpaka kwenye matete ya paa. Madereva walitoka kupitia dirishani, wakati mlango ulikuwa wazi. Félicité hakukimbia. Alifunga chupa, akatupia mchanga chini, akamwaga chumvi juu. Ameungua nywele za mkono, basi.

Kosa ni langu, na ni la kijinga. Nilijaribu plake wiki ya mwezi, kwa samaki wakavu wasio na mafuta. Mzungu alipika nyama mbili tatu. Hakuwahi kulaza mikeke bamba zima. Nilipima chuma, mpira, upepo, detanderi. Mfereji wa mafuta sikuutazama, kwa sababu haupo.

Hatungimana alikuja jioni ile ile. Alitazama, akasema: "Chuma ya treni inaomba chuma ya pipa." Amekata ukanda wa pipa, ameuchomelea mbele na pembeni kama mtaro wa paa, mwisho wake unadondokea kwenye kopo. Amechukua malipo ya samaki sita.


Jumatatu, 11 Mei

Mfereji unafanya kazi. Mafuta ya kopo Félicité anayauza kwa wachuuzi wa sabuni. Hakuna makaa mji mzima, kwa hiyo hakuna samaki wa moto mji mzima, ila kwake. Watu wanapanga mstari. Maafisa wawili wa jeshi walikula wamesimama.

Mchana alifika Ildephonse na mkewe na watoto. Lubarika imeungua upande mmoja. Miguu imevimba, hawana hata godoro. Félicité aliwaketisha. Aliwapa sahani, wote, akaendelea kugeuza. Ildephonse alikula amegeukia ukuta.

Baadaye nilimsikia akimwambia mkewe: joto la kitu kile linatosha kupikia harusi mbili. Alikuwa ameweka mkono juu ya ubao wa pembeni. Hakuutoa.


Alhamisi, 14 Mei

Mpaka wa Kavimvira umefungwa tangu asubuhi. Chupa moja imebaki, nayo nimeipima kwa mizani ya bandari: kidogo zaidi ya nusu. Félicité akitumia midomo miwili badala ya mitatu, wiki moja na siku chache. Gazi inatoka ng'ambo, makaa yanatoka milimani. Nilichagua njia iliyofungwa ya pili badala ya ile iliyofungwa ya kwanza. Bado nasema nilichagua vizuri.

Malori ya jeshi yanaelekea barabara ya Fizi, taa zimewashwa mchana kweupe — yaani madereva wao hawajui hata kwamba ni mchana. Mkuu wa posta amefunga. Habari yangu ya leo haina pa kwenda.


Ijumaa, 15 Mei

Waasi wameingia. Risasi chache upande wa mto, kisha kelele, kisha kimya. Wenyewe wanajiita wakombozi. Ni vijana wadogo, majani vichwani, maji ya dawa yamekauka vifuani. Watu waliotoka uwandani wameeleza masharti yao: wakishanyunyiziwa dawa, wasimguse mwanamke, wasile chakula kilichopikwa kwa mkono wa mwanamke. Wakivunja sharti, risasi itawapata.

Duka la chumvi limevunjwa. Mtu mmoja aliyelivunja amechapwa na kamanda mbele ya watu. Nimeandika yote mawili.


Jumamosi, 16 Mei

Naandika hapa hapa bandani, daftari gotini. Kamanda ameniruhusu — ameniagiza, tuseme. Anataka gazeti liseme watu wake wanalipa chakula. Ni kweli, wanalipa. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa mwingine. Huu ni wangu.

Walikuja na njaa. Félicité alikuwa mbele ya plake, mikeke tayari. Kijana wa kwanza alinyosha mkono, mwenzake akaupiga: "Unataka kufa? Mwanamuke njo alipika!" Wakarudi nyuma wote, kana kwamba bamba limebweka. Kamanda — ndevu chache, saa mbili mkono mmoja — alitazama samaki, akamtazama Félicité, akasema kwa upole kwamba plake inahitajika kambini. Vijana wake watajipikia. Wawili wakashika miguu yenye magurudumu.

Hapo Ildephonse akasimama. Naandika alichosema bila kuongeza: "Kamanda, hii plake ni yangu. Ni ya nyumba yetu. Minye njo mupishi. Huyu ni muke wa kaka yangu, marehemu. Alikuwa ananisaidia kuosha."

Wakaiachia. Kamanda akaamuru samaki waliopikwa wapewe mbwa, wapikwe wengine. Félicité alinitazama mimi, si Ildephonse. Akafungua kitenge chake cha kazi, akakiweka juu ya ubao wa pembeni, akaenda nyuma ya ukuta wa matete.

Sasa anapika Ildephonse. Ameshika kijiko cha kugeuzia kama jembe.

Kamanda ameketi karibu nami. Ameniuliza: "Muandishi, weye iko muntu wa hapa. Ni kweli, plake ni yake?"

Nimemjibu: "Kamanda, ngoja nimalize kuandika kwamba mnalipa."

Amecheka. Amesema nimalize, atauliza tena akishakula.

Nikisema ndiyo, plake inabaki Kalundu — na Ildephonse atakuwa amepewa na mdomo wangu, kaka yake Félicité, mbele ya mkewe, mbele ya madereva, mbele ya wenye bunduki. Hata ng'ombe wote wanne wakirudi kesho, neno hilo halitarudi. Nikisema hapana, inakwenda kambini. Kwa vyovyote Félicité anaipoteza, tofauti ni nani anaisukuma. Nimewahi kulinganisha mambo magumu kuliko haya? Nafikiri sijawahi.

Moshi. Amefungua midomo yote mitatu mpaka mwisho, gazi ya wiki inaondoka. Mikeke wanajikunja. Mke wa Ildephonse ameziba mdomo kwa mkono, sijui ni kilio au kicheko. Nyuma ya matete naona miguu ya Félicité chini ya ukuta: inakwenda, inarudi, inakwenda. Kamanda anauliza ni lini. "Sasa hivi, kamanda, sasa hivi," Ildephonse anasema, na anageuza mmoja kwa vidole, na anapuliza vidole.

Mfereji umejaa. Kopo linafurika.

Na sauti kutoka nyuma ya matete, kubwa, ile ya kumwita dereva aliye ng'ambo ya barabara:

— Zima ya katikati, shemeji! Geuza! Unaniunguzia samaki!

Vijana wote wameinua vichwa. Kijiko cha Ildephonse kimesimama hewani. Kamanda hamtazami yeye, ananitazama mimi, na kalamu yangu.

Félicité ametoka. Amechukua kitenge chake cha kazi kwenye ubao. Anakifunga kiunoni.